Sinia Moja kwa Ndugu Wawili

Takoma Park, Maryland
16 Novemba 2025

Kaka yangu Zuhair,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na ule mguu uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Sabri ameshamaliza mitihani? Mwambie shangazi yake anamuulizia, na zile raba alizoniagiza zimo kwenye mzigo huu huu, asije akasema nimemsahau. Sisi huku hatujambo. Layla amenipita kimo. Namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na nikimkasirikia ananiambia kwa Kiingereza hicho hicho kwamba amenifahamu. Baridi imeanza mapema mwaka huu. Asubuhi nikisubiri basi navaa makoti mawili na bado meno yanagongana.

Utashangaa kupata barua, maana tumezoea simu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa upole wako, na mie ningepata pa kutokea, kama nilivyopata kila mara. Nimempa Nuha, binti wa jirani yetu, anayekuja kumuoza dada yake, na nimemuomba aivushe mpaka Wete akupe mkononi. Inamhusu baba, Mungu amrehemu, na siku ya maziko yake. Nakuomba uisome yote, hata ukifika pahali ukatamani kuichana. Lakini sitaweza kuanza na baba. Itabidi nianze na mzee mwengine, nivute pumzi kwanza.

Idi iliyopita nilikwambia nimepata mzee mpya wa kumlea. Jina lake Festus. Nilipotajiwa kwenye simu nilidhani ni Mkenya, nikaenda na Kiswahili changu mdomoni. Nikafunguliwa mlango na mzungu wa miaka tisini na tatu, mrefu, mwembamba, macho hayaoni tena, akaniambia kwa ukali kwamba yeye si Mwingereza na nisije nikamuita hivyo. Na mie sikuwa nimesema kitu, nimesimama tu na mkoba wangu. Alikuwa mtu wa Ayalandi, upande wa magharibi, kwenye mawe na upepo. Alikuja Washington kijana, akasomesha historia chuoni kwa miaka arobaini. Mkewe alishakufa, mwanawe wa pekee alishakufa, kabaki mjukuu mmoja, Ethan, wakili, mtu mwema anayekuja Jumapili na maua.

Kazi yangu ilikuwa kumkogesha, kumpa dawa na kumpikia. Yeye akaniongezea kazi ya pili, kumsomea. Vitabu vyake vimejaa nyumba nzima, mpaka kwenye ngazi, na vyote ni vya nchi yake. Mie Ayalandi nilikuwa siijui, nilidhani ni Uingereza ya upande wa pili, na nilipomwambia hivyo alikataa chakula cha mchana. Kesho yake akaanza kunisomesha. Mchana nikipika yeye anasema, na nikikosea akiniuliza, ananirudisha nyuma kama mtoto wa skuli.

Alinieleza namna Waingereza walivyowanyang'anya ardhi, wenyewe wakawa wapangaji juu ya mashamba ya babu zao. Akanieleza njaa kuu, viazi vilipooza ardhini miaka ya elfu moja mia nane na arubaini na kitu, watu wakafa milioni moja huku nafaka na mifugo vikipakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza. Akanieleza lugha yao. Mtoto akiisema alivishwa kijiti shingoni, kila neno mkato mmoja, na jioni akapigwa bakora kwa hesabu ya mikato. Hilo alikuwepo kulisikia Chepkirui, Mkenya tunayepokezana naye shifti. Akaguna, akasema, "Hiyo ni diski. Hata sisi tulivalishwa hiyo tukisema lugha ya nyumbani, na ni juzi tu." Mzee alifurahi sana siku ile. Alimuuliza Chepkirui maswali mpaka basi lake likamuacha.

Lakini neno alilokuwa akilirudia kuliko yote ni hili, kwamba nchi yao ilijengwa makaburini. Mpigania uhuru mkongwe akifa ugenini walimrudisha kwao, maelfu wakatembea nyuma ya jeneza, mtu akasema maneno juu ya kaburi, na waliokuja kuzika wakarudi majumbani si wale wale. Mwaka 1916, Jumatatu ya Pasaka, watu wachache waliiteka posta kuu ya Dublin wakatangaza jamhuri. Walishindwa ndani ya juma moja, na watu wa mji wakawazomea. Kisha Waingereza wakaanza kuwapiga risasi viongozi, leo huyu, kesho yule, mpaka waliokuwa wakizomea wakaanza kulia. Hapo ndipo nchi ilipoamka, alisema, na baada ya miaka mitatu ikawa vita.

Babake mzee Festus na mdogo wake aitwaye Colman walipigana vita hivyo bega kwa bega. Walilala shimo moja, wakala viazi vya wizi pamoja. Mwisho wa 1921 ukaja mkataba. Wangepata serikali yao, lakini sehemu ya kaskazini ya kisiwa ingebaki kwa Waingereza, na wabunge wao wangeapa utii kwa mfalme. Babake akasema tuchukue hiki kwanza. Colman, miaka kumi na tisa, akasema sikuwazika wenzangu kwa ajili ya hiki. Kaka mtu akavaa sare ya jeshi jipya la serikali, mdogo mtu akarudi milimani. Januari 1923 Colman alikamatwa akiwa na bunduki, na serikali yao wenyewe, si Waingereza, ikampiga risasi ndani ya kambi na kumzika humo humo. Babake Festus alikuwa mji mwengine. Hakumpiga yeye, lakini sare ilikuwa moja.

Mwaka uliofuata serikali ikaitoa maiti kwa wenyewe. Babake Festus akaja kuzika. Mama yao akasimama mlangoni akamwambia hatoligusa jeneza la mwanawe. Basi alisimama barabarani juu, peke yake, mvua inamnyea, mpaka kaburi likatiwa koleo la mwisho la udongo. Watu walipita mbele yake hakuna aliyemsalimia.

Zuhair, nilikuwa namenya viazi aliponihadithia hayo. Nilikiweka kisu chini nikatoka uani kwenye baridi bila koti. Nilijua ni nani niliyemuona barabarani.

Mie na wewe hatujawahi kuisema miaka ile. Tunazungumza kila kitu, mguu, skuli, bei ya mchele, ile tunaizunguka. Uchaguzi ulipovurugika na ukarudiwa, watu wetu walisusiana mpaka maduka, mpaka maziko. Wewe ulikuwa na upande wako na kazi yako ya serikali, baba na mume wangu Ameir walikuwa na upande wao. Ameir alipokufa ghafla hukuja kumzika. Ulituma gunia la mchele, na mie mwenyewe, nikiwa eda, nikasema lirudishwe. Nilisema kwa sauti, wanawake wote wasikie. Baba naye akasema pale barazani, mbele ya watu, kwamba na yeye akifa Zuhair asimzike. Mji mzima ulilisikia neno lile. Miezi michache baadaye mie nikapata viza ya bahati nasibu, nikamchukua Layla nikaondoka, na hasira yangu nikaja nayo.

Nirudi kwa mzee. Tarehe mbili mwezi huu, Jumapili, mchana, aliniambia niweke viti viwili karibu na moto na nisitie komeo mlangoni, kwa sababu watakuja wawili. Akawataja, babake na ami yake. Mie nilijua wageni wanakuja. Sikujiuliza baba wa mtu wa miaka tisini na tatu atatoka wapi. Unanijua, nikisikia mgeni akili yote inaingia sufuriani. Nilipika pilau la kuku na kachumbari, na kwa kuwa wageni ni ndugu wawili nikawapakulia kwenye sinia moja, nikaliweka juu ya stuli katikati ya viti. Nikamshika mkono mzee nikamwambia tayari, karibu tu wafike.

Akauliza harufu ile ni ya nini. Nikamwambia chakula cha wageni. Alicheka, kaka, alicheka mpaka nikamshika mgongo. Kwao ile ni siku ya maiti. Wafu huachiwa viti na mlango usiofungwa, hawapikiwi pilau. Na mie nikacheka, aibu tupu. Kisha akanyoosha mkono apapase, akaligusa sinia ukingoni, akazunguka nalo kwa kidole, akauliza sahani ya pili iko wapi. Nikamwambia kwetu ndugu hawapakuliwi mbali mbali, wanakula sinia moja. Akaanza kulia kwa sauti, mzee yule aliyekuwa hataki hata nimshike akipanda ngazi.

Alipoweza kusema akanituma rafu ya juu, kwenye kitabu cha kijani, nitoe bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya penseli, imefutika kwenye mikunjo. Ni barua ya Colman kwa mama yake, siku moja kabla ya kupigwa risasi. Imeandikwa kwa Kiingereza, maana lugha yao wenyewe skuli hakufundishwa kuiandika. Nikamsomea. Hamna siasa hata neno. Anamuulizia ndama. Anasema asilie sana. Na mwisho anasema kaka asilaumiwe, yeye aliona vile na mie niliona hivi, na viatu vyangu vipya apewe yeye, miguu yetu ni sawa.

Mama yule, bibi yake Festus, hakuvitoa viatu wala hakuionesha barua. Alipokufa mwaka 1958 Festus ndiye aliyeikuta ndani ya godoro lake. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na alimpenda huyo ami asiyemuona kuliko baba aliyekuwa naye. Ami alikuwa shahidi, picha yake ukutani kwa watu. Baba alikuwa mzee mkimya aliyetengwa, kanisani anakaa benchi la nyuma. Festus akaitia barua mfukoni akapanda meli.

Akaniambia, "Babangu aliishi miaka kumi na mitatu barua ikiwa kwangu. Nilitaka aonje kidogo. Halafu akafa, na mie nikaendelea kuwasomesha watoto wa watu historia."

Nikamuuliza nani amebaki. Akasema dada yake Nora, ana miaka themanini na nane, yuko kule kule nyumbani, ndiye aliyemuuguza baba. Kaka, mie nikajitia ushekhe. Nikamwambia kwetu haki ya mtu haifutwi kwa toba peke yake, sharti umuendee mwenyewe, na akiwa amekufa uwaendee aliowaacha. Nikamwambia mpigie dadako umwambie, utapumua. Nilisema vile nimemshika mkono, kwa ulimi huu huu.

Akapiga kesho yake asubuhi. Mie ndiye niliyemshikia simu, kwa hiyo nilisikia. Alimwambia yote, hakujipamba. Kisha Nora akasema kwamba kila mwaka usiku wa maiti baba yao aliweka kiti kwa ajili ya mdogo wake, na asubuhi akikitazama kiti na kusema hakuja, bado amekasirika. Akasema baba alikufa akisema hivyo. Halafu akakata.

Mzee alingojea simu siku tatu. Kila inapolia nje kwa jirani alikuwa akinyanyua kichwa. Chakula hakutaka, aliniambia nimempikia vizuri lakini njaa hana. Alhamisi baada ya adhuhuri nilikuwa namsomea, nikamuona hanisikilizi, kumbe ameshakwenda. Nikamfumba macho nikamkunjulia mikono, nikampigia Ethan.

Waayalandi wenzake wakajaa nyumba nzima siku mbili. Wao maiti hawaiachi peke yake, wanakaa nayo, wananong'ona, wanacheka, wanakunywa, wanakumbushana. Mie na Chepkirui tulikuwa jikoni na birika. Chepkirui aliniona silii wala sili, akadhani najilaumu kwa ajili ya ile simu. Akaniambia, "Bimkubwa, usijiblame, mzee aliamua mwenyewe." Nikamwitikia kwa kichwa. Yeye atajuaje.

Siku ya pili Ethan aliingia jikoni akaniambia amezungumza na Nora. Nikamuuliza amesamehe. Ethan akasema hakulitaja neno hilo kabisa, alisema jambo moja tu, nileteeni barua ya ami yangu. Anataka kuipeleka kaburini kwa baba yake akamsomee. Ethan akaniuliza iko wapi, nikaenda kuitoa. Nilipokuwa nampa vidole vilikataa kuiachia, na akanitazama vibaya kidogo. Yule mama hakuwa na haja na majuto ya Festus. Alitaka kilicho chake. Na mie nilikuwa nimekaa miaka saba na kitu ambacho si changu.

Basi sasa nisikilize, kaka.

Siku moja kabla baba hajafa nilipiga simu Wete baada ya alasiri. Shangazi alimpa baba simu, mwenyewe akatoka kwenda kuteka maji. Baba alikuwa akisema kwa shida lakini akili yake ilikuwa nzima, alimuulizia Layla kwa jina na akaniuliza kama baridi imeisha. Kisha akaniambia niliyoyaficha. Nayaandika kama alivyoyasema, wallahi sikuongeza wala sikupunguza:

"Nililosema barazani nilisema kwa hasira, nimelifuta. Mwambie Zuhair nimemridhia dunia na akhera. Mwambie nikifa ateremke kaburini anipokee yeye. Waliopo hapa hawatamwambia, wana hasira, nawe unawajua. Mwambie wewe, ndiwe dada yake."

Nikamwambia sawa baba. Nilikuwa na nambari yako. Baba aliishi usiku ule na asubuhi ile, na mie simu ilikuwa mkononi mwangu. Sikusahau. Sikukosa salio. Nilikumbuka jeneza la Ameir linatoka nyumbani na wewe hupo, nikasema moyoni, na yeye aonje. Nilisema nitampigia baadaye. Akafa saa nne, akazikwa adhuhuri, na waliomteremsha kaburini ni watu wa barazani. Niliambiwa ulisimama ng'ambo ya barabara karibu na skuli mpaka watu wakatawanyika.

Na siku ya arubaini ulinipigia. Uliniuliza, baba hakusema lolote juu yangu? Nikakwambia hakusema. Umeniuliza tena Ramadhani mbili, na mara zote mbili nimekujibu vile vile. Umemhijia baba ukitafuta radhi yake, na radhi yenyewe iko kwangu Maryland, nimeikalia. Wifi aliniambia wakikutanguliza kusalisha unarudi nyuma, unasema wewe ni mtu asiye na radhi ya mzee wake. Niliyasikia hayo nikabadilisha mazungumzo.

Sitasema nilikuwa na uchungu wa mume. Nilikuwa nao, lakini huo uliisha zamani na bado sikusema, kwa sababu nilikuwa naona haya, na haya ikakua kila mwaka. Sijui kama utanisamehe. Nimemuona Nora, najua mtu anaweza akaambiwa ukweli akakata simu, na ni haki yake. Ukinyamaza sitamtuma mtu aje akubembeleze. Baba alikuwa anakutaka, Zuhair. Siku yake ya mwisho hakumtaja mtu mwengine yeyote kwa ajili ya kaburi lake ila wewe.

Nisalimie wifi, umpe kitenge kilichomo kwenye mzigo. Nisalimie Sabri na wadogo zake, na shangazi, na majirani wote wanaoniulizia. Layla anamsalimia mjomba wake, haya ameniambia kwa Kiswahili, neno kwa neno, niandike. Shangazi na watu wa barazani nimewaandikia barua yao, naye Nuha atawapa siku hiyo hiyo, ili wajue maneno ya baba kutoka kwangu na usilazimike kuwaambia wewe.

Kabla hujaamua la kunifanya mie, nenda kwanza kwa baba. Nenda mchana, Ijumaa, watu wakitoka msikitini, wakuone unaingia makaburini.

Mie dada yako,
Bimkubwa